Mchanga Tuliokataa Kuusawazisha

Siku tulipomzika Semwenda kule Ipogolo, kijana mmoja mwenye sauti nzuri alisimama kando ya jeneza akasoma wasifu wa marehemu. Alisema marehemu alikuwa mwalimu maisha yake yote, alilea watoto wake na wa wenzake, aliimba kwaya mpaka miguu ilipokataa kupanda ngazi za kanisa, na tangu usichana wake alikuwa mpole, mnyenyekevu na mtii kwa wakubwa. Waombolezaji waliitikia kwa kutikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani na akina mama wa rika langu, na niliposikia neno hilo la mwisho niliinua uso. Ualimu naukubali, malezi nayakubali, kwaya naikubali pia, ingawa sauti yake haikuwa nzuri kama alivyodhani. Utii siukubali. Nimeishi kwa kuwafundisha vijana kwamba neno lisilostahili mahali lilipowekwa ni uongo, hata likisemwa kwa upendo, hata likisemwa makaburini, na sitalegeza kanuni hiyo kwa sababu tu aliyesemwa nilimpenda. Semwenda hakuwa mtii. Nilikuwepo. Mwaka mmoja katikati ya miaka ya hamsini, tukiwa darasa la saba katika shule ya wasichana ya misheni, juu ya mji wa Iringa, yeye na mimi tulikataa amri mbele ya watu, tukiwa na akili zetu timamu, kwa sababu ya mchanga. Habari za ukoo wangu na za namna nilivyotoka Mbeya kuja kusoma Iringa naziacha. Hazibadilishi kitu katika jambo hili.

Jambo lenyewe lilikuwa katika chumba cha ushonaji. Chumba hicho kilitenganishwa na jiko kwa ukuta wa mbao usiofika darini, kwa hiyo harufu ya maharage yaliyoungua chini ilikuja kwetu bila kubisha hodi, na maneno ya upande wa pili vilevile. Palikuwa na cherehani za mkono zilizofunikwa kwa vitambaa tulivyovitarizi wenyewe, meza ndefu yenye makovu ya mikasi, na dirisha moja pana lililotazama bonde. Chini ya dirisha hilo liliwekwa sanduku kubwa la kioo lenye fremu ya chuma, ambalo mzungu mmoja wa mashamba ya chai ya Mufindi aliliacha alipofunga virago kurudi kwao. Sisi tuliliita tangi. Aliyelipokea ni mkuu wa shule, mmisionari mrefu tuliyemwita Bibi Mkuu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wengi wetu, kwa maana sisi tulikuwa tumekikuta shuleni kama tulivyokuta viatu. Alitukusanya mbele ya tangi tupu akatuwekea sharti. "Mkaguzi wa shule atakuja mvua zikianza," alisema. "Akikuta samaki wazima na maji safi, nitamwomba turuhusiwe somo la sayansi hapa, na ninyi wa darasa la saba ndio mtakaolianza. Akikuta uvundo, tangi litakwenda kwa wavulana, nanyi mtaendelea na sindano." Siwezi kumweleza msomaji wa leo uzito wa maneno hayo bila kumwomba afikirie njaa. Wavulana wa ng'ambo ya bonde walikuwa na darubini, vyura ndani ya chupa na mwalimu aliyewaeleza mti unakunywaje maji. Sisi tulikuwa na mishono ya aina nyingi. Nilijua kushona, na sikudharau kushona, lakini nilitaka kujua mti unakunywaje maji, na nilitaka kuambiwa na mtu aliyelipwa kuniambia.

Usimamizi wa tangi alipewa Mwalimu Zefania, Mbena wa Njombe, mtu mwembamba aliyepigia suti yake pasi ya mkaa kila asubuhi na kutembea na rula ya mbao kama askari anavyotembea na kirungu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma kitabu kimoja kuhusu tangi la samaki, na kitabu hicho kilisema kokoto. Basi alitupeleka mtoni, mahali wajenzi wa barabara walipokuwa wamemwaga mawe yaliyopondwa, tukajaza ndoo, tukapanda nazo kilima tukiimba. Kokoto zikaoshwa, zikamwagwa, zikasawazishwa kwa rula. Zilipendeza. Maji yalisimama juu yake meupe, na perege wadogo tuliowakamata kwa shuka katika Ruaha Mdogo walizunguka humo kama wageni walioingizwa sebuleni wasijue wakae wapi. Tuliwalisha makombo ya ugali. Makombo yalizama, yakaingia katikati ya mawe, mahali ambapo mdomo wa samaki haufiki wala kidole cha mtu hakifiki, yakakaa humo yakioza kwa siri. Juu palikuwa pasafi, chini palikuwa jalala. Nimekutana na taasisi kadhaa zilizojengwa hivyo. Baada ya muda maji yakawa na utando, kisha harufu, kisha asubuhi moja samaki wawili walikuwa wameelea ubavu, na kabla mwezi haujaisha hakubaki hata mmoja.

Tulikuwa tukipinda pindo za foronya walipozungumza jikoni, Bibi Mkuu na Mwalimu Zefania, wakidhani kelele za cherehani zinawafunika. "Kokoto si tatizo, Bibi," alisema Mwalimu. "Kitabu kiko wazi. Tatizo ni subira. Msichana anamlisha samaki kama anavyomlisha mtoto mchanga, kila akilia." Bibi Mkuu akajibu, "Samaki halii, Mwalimu." Kijiko kikagonga sufuria. "Nawapa nafasi moja tena," akasema Bibi Mkuu. "Ikishindikana, nitaliandalia tangi safari kabla mkaguzi hajaja, ili asiione aibu." Semwenda aliyeketi karibu nami alisimamisha cherehani kwa kiganja. Alikuwa binti wa Ipogolo penyewe, Mhehe wa mtoni, mfupi, mwenye meno yaliyoachana na macho yasiyopepesa alipokasirika. "Umesikia?" aliniuliza. "Aibu, eti. Wameua wao kwa mawe yao, aibu iwe yetu." Kisha akanong'ona jambo ambalo lilipaswa kuwa wazi kwetu sote. Pale tulipowakamata perege wale, chini hapakuwa na kokoto. Palikuwa na mchanga, na ndani ya mchanga palikuwa na mabakuli, mashimo ya duara yaliyochimbwa vizuri, kila moja na samaki wake juu. "Umewahi kuona perege amekaa juu ya kokoto?" aliuliza. Sikuwahi. "Basi kitabu kimeandikwa na mtu asiyewahi kuloa miguu."

Tulikwenda kwa Mwalimu baada ya sala ya jioni. Semwenda alisema neno mchanga, na Mwalimu akacheka kwa heshima. "Binti, mchanga ni tope lililokauka. Ukiutia maji unarudi kwao." Nikamwambia kwamba mto una mchanga na bado tunaona vidole vyetu ndani yake. Akaniambia mto unatembea na tangi limesimama. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na leo naitambua zaidi kuliko nilivyoitambua pale, lakini wakati ule nilikuwa na umri wa kutotambua hoja nzuri ya mpinzani. Nilisema nitaleta mchanga wangu mwenyewe kutoka nyumbani, na lawama zake nitazibeba mimi. Mwalimu alinitazama, akaipangusa rula kwenye mkono wa koti. "Leta," alisema. "Maji yakichafuka, mimi simo."

Likizo ya katikati ya mwaka nilikwenda Mbeya, na kutoka Ilomba, ambako siku hizo palikuwa mashamba ya mahindi na maharage na nyumba chache zilizotawanyika, nilichota mchanga wa kijito kilichopita chini ya shamba letu. Nilijaza gunia. Kondakta wa basi aliuliza kama huko Iringa udongo umekwisha. Nilisafiri na gunia hilo kati ya magoti kupita Chimala na Makambako, nikijiona kama mtu anayebeba ushahidi mahakamani. Shule ilipofunguliwa Mwalimu Zefania hakuniita pembeni. Alilikusanya darasa zima, pamoja na wapishi waliokuja kutazama na mikono yenye unga, akaniambia nimimine. Nilimimina mchanga wa Ilomba ndani ya beseni la maji. Sehemu yake ilizama kama mchanga wa Mungu. Sehemu nyingine, ambayo ilikuwa karibu nusu, ilipanda juu, ikaenea, ikaanza kuzunguka beseni taratibu kama mvua ya mawe iliyokosea mwelekeo. Sisi wa Mbeya tunasugulia visigino kwa jiwe jepesi jeupe lililotapikwa na milima yetu zamani za kale; kila mtoto wa kwetu ameliona likielea kwenye karai la kuogea. Nilikuwa nimekua nalo kiasi kwamba sikuwahi kufikiri linavyosagika, na likishasagika linakuwa nini. Kicheko kilianzia kwa wapishi. "Mamaa! Hata mchanga wa Wanyakyusa unajua kuogelea!" alipaza sauti mmoja. "Basi samaki wa nini, tufuge mchanga!" Rafiki yangu mwingine, aliyekuwa akinipenda sana, alianguka juu ya meza akishika tumbo. Mwalimu hakucheka. Aliniambia kwa upole nikaumwage nje, na upole huo uliniuma kuliko kicheko.

Niliumwaga nje. Semwenda alinifuata mpaka nyuma ya choo, akanisubiri nimalize kulia, kisha akasema, "Haya. Mchanga wako umekataa. Kuna mingine." Nataka kijana aliyesoma wasifu ule aisikie sentensi hiyo, kwa sababu mtu mtii angesema pole, twende tukaombe radhi. Kuanzia hapo tuliacha kujivunia mchanga wa mtu na tukaanza kuuchagua. Nimefanya uchunguzi mwingi tangu wakati ule, katika vyumba vyenye vifaa bora, lakini sijafanya wenye umakini zaidi. Tulijaribu mchanga mwekundu wa njia ya kanisani. Ulitoa rangi kila ulipooshwa, kama kitambaa cha bei nafuu, na tukauacha. Tulijaribu mchanga wa mafundi waliokuwa wakijenga sakristia. Ulikuwa mweupe wa kuvutia, lakini tulipoukamulia limao ulichemka povu, maana ulikuwa umechanganyika na chokaa yao, na Semwenda akasema hatawaogesha samaki katika ukuta. Tulijaribu mchanga wa ukingo wa nje wa Ruaha Mdogo, pale mto unapogonga kona. Punje zake zilikuwa kali, ukizitafuna kidogo kwa meno ya mbele unasikia zinakwaruza. Kisha tulivuka kwenda upande wa ndani wa kona hiyohiyo, mahali maji yanapochoka na kuweka mzigo wao chini, na pale tulipata punje ndogo za mviringo, zilizolingana kama mtama uliopepetwa. Tulizitia mdomoni. Hazikukwaruza. Semwenda alitema, akafuta midomo, akasema, "Huu."

Kuuosha kulitufundisha zaidi. Mwanzoni tuliumimina kwenye ndoo na kuukoroga kwa mikono, na maji yakawa kama chai ya maziwa hata tukachoka. Kisha tukaurudia kwa namna ambayo kila msichana jikoni anaijua na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiri kuitoa jikoni: tuliuosha kama mchele wenye mawe. Ukiwa na mchele unazungusha bakuli, unainamisha, mchele unateleza na maji, mawe yanabaki chini, unayatupa. Sisi tulizungusha, tukainamisha, vumbi likateleza na maji, mchanga ukabaki, tukautunza. Mawe ya mchele ndiyo yaliyokuwa mchele wetu. Tuliutandaza ndani ya tangi si mnene sana, maana mchanga mnene hufunga hewa mbaya tumboni. Tukaweka sahani juu yake, tukamimina maji juu ya sahani kwa kikombe, pole kwa pole, ili usitibuke. Mwalimu Zefania alisimama mlangoni akiwa amefunga mikono nyuma. Maji yalikuwa na ukungu jioni ile. Asubuhi, tulipoingia na sindano zetu, dirisha lote la bonde lilikuwa limesimama ndani ya tangi, kichwa chini, safi. Mwalimu aliinama akatazama kwa muda. "Mh," alisema. Nimepokea sifa nyingine maishani zilizoandikwa kwenye karatasi nzito, na sikuzihifadhi kama nilivyoihifadhi ile.

Lakini ushindi huo ulizaa vita vipya, kwa sababu mchanga, tofauti na kokoto, unaweza kufanyiwa kitu. Joto liliporudi baada ya baridi ya Iringa, perege dume, mmoja wa wale wapya tuliowakamata mtoni, ambaye Semwenda alimwita Mtemi, alibadilika rangi akaanza kuchimba. Alijaza mdomo mchanga, akaubeba, akautema kwenye kona, akarudi. Aling'oa majani ya majini tuliyoyapanda. Alichimba mpaka kioo cha chini kikaonekana, na mchanga wote ukawa kilima upande mmoja na bakuli upande mwingine. Mwalimu Zefania aliingia, akaona, akakunja mkono wa koti, akaitia rula ndani ya maji akausawazisha mchanga toka ukuta hadi ukuta. Kesho yake bakuli lilikuwepo tena. Akasawazisha. Likawepo. Darasa zima tuligeuza vichwa kutoka kwenye mishono kutazama pambano hilo la kila asubuhi, na wapishi waliweka dau la vitumbua. Mwishowe Semwenda alisimama, kitambaa kimening'inia mkononi. "Mwalimu," alisema, "usimbomolee mwenzio nyumba." Msichana hakumwambia mwalimu neno kama hilo miaka ile. Mwalimu alitoa rula majini, ikidondosha matone juu ya kiatu chake kilichopigwa rangi. "Nyumba?" aliuliza. "Hii ni fujo." Semwenda akasema, "Hata ya kwetu, mgeni akiingia wakati inajengwa, anaona fujo." Aliambiwa aende nje asimame juani. Alikwenda. Lakini tangu siku hiyo rula haikuingia tena majini.

Mvua za kwanza zilipokuwa zikinukia, jike naye akabadilika. Koo lake lilituna chini ya taya kama mfuko, akakaa pembeni, akaacha kula. Hapo wote tulishikwa na hofu ya aina moja, na mtu wa pwani asingeielewa. Katika nyanda zetu za juu siku hizo rovu lilikuwa kila mahali. Kila kijiji kilikuwa na wanawake waliobeba uvimbe shingoni chini ya kanga, na Bibi Mkuu mwenyewe alikuwa akigawa chumvi ya dawa zahanati. Kwa hiyo hatukumwona samaki. Tulimwona mama fulani. "Rovu," alisema Mwalimu Zefania, na hakuna aliyebisha, hata mimi. "Ni mchanga wenu huo, hauna chumvi. Mtoeni kabla hajawaambukiza wengine, au mtie chumvi ya zahanati." Mpishi mmoja alikwisha kuileta ndani ya karatasi. Semwenda aliweka kiganja juu ya mdomo wa tangi. Alizungumza polepole, na nilijua kwa nini, maana nilikwishalala nyumbani kwao. "Mama yangu ana rovu, Mwalimu. Anakula ugali kuliko mimi. Rovu halimzuii mtu kula." Akamgeukia samaki. "Huyu hali. Na anatafuna, tazama, anatafuna na hakuna alichopewa. Kuna kitu mdomoni." Mpishi akasema labda ni jiwe. Semwenda akasema labda, lakini chumvi haitoi jiwe. Chumvi ikarudi jikoni.

Mkaguzi alikuja juma hilohilo, alasiri moja. Bibi Mkuu alipita chumbani kabla yake, akaona bakuli, kilima, majani yaliyong'olewa na jike aliyetuna koo. "Sawazisheni," alisema. "Haraka. Mnifichie na huyo mgonjwa nyuma ya kilima." Hatukusogea. Alirudia, kwa sauti ya chini zaidi, na sauti yake ya chini ndiyo iliyoogopwa. Nilisikia kinywa changu kikisema, "Hatutausawazisha, Bibi. Si sisi tulioufanya hivyo." Semwenda alisogea akasimama ubavuni mwangu. Palikuwa na hatua za viatu ukumbini, na Bibi Mkuu hakuwa na muda wa kutushinda. Mkaguzi, mzungu mfupi mwenye upara uliochomwa na jua, alitazama tangi, akatabasamu kama mtu anayetazama mchoro wa mtoto. Alisema, na Bibi Mkuu alitutafsiria akiwa amekaza uso, kwamba maji ni masafi na anatupongeza, ila mahali ambapo hata mchanga haujatandikwa hapajawa tayari kwa sayansi. Tangi liende kwa wavulana. Wasichana wana mikono mizuri, alikwishaziona foronya. Kisha akanywa chai jikoni, nasi tukasikia kupitia mbao akizisifu skonzi.

Siku iliyofuata Bibi Mkuu alituamuru tuwatoe samaki, tumwage maji na kukusanya mchanga kwenye magunia, maana lori la wavulana lingefika Jumamosi. Nikakataa. Semwenda akakataa. Bibi Mkuu akaliuliza darasa zima nani atafanya, na wasichana waliokuwa wamecheka mchanga wangu hadi machozi wakainamia pindo zao kana kwamba ni viziwi. Sisi wawili tulipewa mafyekeo na uwanja wote wa nyuma, ambao nyasi zake zilifika magotini, kila asubuhi mpaka atakaposema basi. Tukafyeka. Umande ulitulowesha sketi, viganja vikafanya malengelenge, yakapasuka. Sijutii hata lengelenge moja. Tulifanya kazi chini ya dirisha la ushonaji ili tuone ndani, na ndiyo maana tuliona yaliyotokea, kila kitu, kupitia kioo.

Bibi Mkuu aliingia mwenyewe na ndoo na kata ya kuchotea. Alikunja mikono ya gauni. Alipoinama juu ya tangi, kutoka katika bakuli ambalo hatukulisawazisha kiliinuka kitu kama vumbi, wingu la nukta zenye macho, mamia yake. Na jike, ambaye koo lake lilikuwa limesinyaa, alikuwa amesimama juu yao. Kivuli cha Bibi Mkuu kiliwaangukia. Jike akafungua mdomo. Wingu lote likageuka kwa pamoja, likamwendea, likaingia ndani yake, likakwisha. Koo likatuna. Maji yakabaki matupu. Bibi Mkuu alibaki ameinama na kata mkononi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliuliza swali ambalo hakulijua jibu lake. Aligeukia dirishani akatuona tumegandisha nyuso kwenye kioo. "Wameingia wapi?" aliuliza. Semwenda akajibu, "Nyumbani kwao."

Lori lilipofika Jumamosi, Mwalimu Zefania alitumwa nje kumwambia dereva kwamba tangi haliwezi kusafiri. Dereva alisema mkaguzi ameagiza. Bibi Mkuu akatoka barazani, mikono mifukoni. "Mkaguzi alisema liende," alisema. "Hakusema lini." Lori lilirudi na magunia matupu. Bibi Mkuu hakungoja mwaka mpya wala ruhusa ya mtu. Juma lililofuata alitangaza kwamba saa ya kwanza ya kushona itakuwa saa ya sayansi, na Mwalimu Zefania ndiye atakayefundisha. Sisi wawili alituita ofisini, akasema adhabu itakwisha mara tutakapoomba radhi kwa kukaidi. Alikuwa na haki ya kuitaka radhi hiyo, nasi tulikuwa na haki ya kutoitoa. Hatukuitoa. Tukarudi kwenye nyasi.

Kwa hiyo somo la kwanza la sayansi la wasichana wa shule ile tulilisikia tukiwa nje, dirisha likiwa wazi, mafyekeo yakipanda na kushuka. Wenzetu waliketi kuzunguka tangi wakiwa na daftari mpya. Mwalimu Zefania alieleza mapezi na mashavu, kisha akasimama. "Nani ataniambia," aliuliza, "kwa nini jike hakula siku zile zote?" Kiti kilikwaruza sakafu. Mtu alikohoa. Semwenda alishusha fyekeo, akajifuta jasho kwa mkono wenye majani, akapaza sauti kuelekea dirishani: "Kwa sababu angewameza, Mwalimu. Alichagua njaa." Ndani, vichwa viligeuka vyote. Mwalimu alikuja dirishani akatutazama, miguu yetu iliyolowa, viganja vyetu. Nilitegemea kufukuzwa. Alichukua kipande cha chaki kutoka mfukoni, akakipitisha nje, akampa Semwenda.

"Ukuta ule wa nje wa jiko, mweusi kwa moshi," alisema. "Chora, waone."